Mchanga Ndani ya Deraya

Sehemu ya sita

Wiki jana niliwaacha mkiniona nimepiga magoti mbele ya sanduku la mteja, chapeo mkononi, nimeshindwa kuiinua na nimeshindwa kuiweka chini.

Kwa msomaji aliyenikuta njiani, mimi ni Ikuo Kowata, fundi wa deraya za kale, yale mavazi ya chuma ya vita. Naishi Odaka, huku eneo la Soma, ambako kila mwaka watu hupanda farasi wakiwa wamevaa deraya za mababu zao. Mwaka ule wa tsunami bahari ilimchukua baba yangu. Kesho yake tukaamriwa kuhama kwa sababu ya mtambo wa nyuklia. Tulipokuja kuruhusiwa kuchungulia makwetu, nikaambiwa wezi wamevunja ghala letu la mlimani, deraya ya ukoo imekwenda.

Aliyeniletea habari hiyo alikuwa Genroku Aota. Gen ni rafiki yangu tangu enzi za kutafuna penseli darasani.

Niliitafuta deraya ile kama mwendawazimu. Niliruka vizuizi, nikaingia eneo lililokatazwa, nikafukua majalala na nyumba zilizoanguka. Sikupata hata kibamba kimoja cha chuma chake. Tangu hapo sijapanda farasi tena. Kila sherehe nawafunga wenzangu kamba za deraya zao. Wao huondoka kwa vishindo na bendera, mimi nabaki nimeshika viatu vyao.

Sasa tajiri mmoja wa Osaka, Bwana Torigoe, mkusanyaji wa panga na deraya, kaniletea kazi. Deraya yake imeanza kuliwa na kutu. Nimefungua sanduku, nimekutana na ya kwetu.

Tuendelee hapo.

"Mbona umekauka hivyo?" mke wangu Sumie aliuliza kutoka mlangoni. "Umeona jini?"

"Nimeona ya kwetu."

"Ya kwetu nini?"

"Deraya."

Alicheka, kicheko kifupi. "Deraya zinafanana, Baba Kanae. Wewe mwenyewe husema hivyo kila siku."

Nikamwita aje karibu. Nikamwonyesha kinga ya bega la kushoto, pale vibamba vinapoungwa kwa nyuzi za hariri za rangi ya nili. Mimi ni shoto. Mafundi wote hupitisha uzi kutoka kulia, lakini safu tatu za bega lile uzi umepita kutoka kushoto. Nilizifunga mimi, nikiwa bado sijaota ndevu. Nilitaka kuzifumua, baba akanikataza. Alisema, "Ziache. Hiyo ndiyo sahihi yako."

Sumie alizitazama safu zile. Hakuzigusa.

"Chai inapoa," alisema, akaondoka.

Nilidhani mwenzangu kazidiwa na mshangao. Mwanamume aliyeoa muda mrefu anaweza kudhani mambo mengi ya kijinga.

Nikampigia simu Bwana Torigoe. Nilianza kwa adabu, nikauliza kama mtu anayetaka tu kujua historia ya kazi yake.

"Fundi Kowata," alisema, "kama unauliza ni ya wizi, mimi vya wizi sinunui."

"Hata kidogo, bwana. Nauliza ilitoka wapi."

"Kwa dalali mmoja wa Sendai. Naye alisema imetoka kwa wenyewe, kwa hiari yao. Tena muuzaji aliweka sharti. Siku ikihitaji matengenezo, asiiguse fundi mwingine isipokuwa Kowata wa Odaka. Mimi nikasema, kumbe huyu bwana ana sifa hivi!"

"Muuzaji alikuwa nani?"

"Jina sikupewa. Dalali alinichekesha tu, alisema mzigo ulifika ndani ya lori la farasi, ukanukisha samadi duka zima kwa wiki. Fundi? Upo?"

Sikuwepo. Nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu.

Huku kwetu wenye lori la farasi si wengi. Na aliyeingia Odaka kabla ya sisi wote, kisa anawalisha farasi wake waliobaki, ni mmoja tu.

Nilimkuta Gen zizini akimsugua farasi mwekundu, mmoja wa wale waliostaafu mbio za mjini. Wanaume wawili wa mtaani walikuwa wameketi juu ya ndoo wakinywa kahawa za kopo.

"Heee, fundi!" mmoja alinipokea. "Huyu farasi na Gen wamestaafu mwaka mmoja. Ila farasi bado ana meno."

Wote wakacheka. Gen alicheka pia, mpaka aliponitazama usoni.

"Iku. Kuna nini?"

"Deraya yetu umeiuza kwa nani?"

Wale wa kwenye ndoo wakashusha makopo yao.

"Twende nje tuzungumze," alisema Gen.

"Nje kuna nini? Waache wasikie. Wajue wamekaa kwa mwizi."

"Iku, jina hilo usiniite."

"Nikuite nani? Uliniangalia nikifukua majalala kwa mikono. Ulinishikia tochi, Gen! Ulinishikia tochi nikitafuta kitu kilichomo ndani ya lori lako!"

Nikamkamata ukosi. Yule farasi akarusha kichwa, wale wawili wakasimama lakini hawakujua wamshike nani. Gen ana misuli ya mtu anayebeba marobota ya nyasi. Angetaka, angenitupa kama gunia. Hakuinua mkono.

"Niliitoa mimi, ndiyo," alisema polepole. "Niliitoa ghalani kwenu kabla ya wezi. Nilikuwa nimevaa lile gwanda jeupe la plastiki la kukinga mionzi, utadhani naenda kuosha maiti. Niliitoa ili isipotee."

"Ukaipoteza Sendai."

"Nikaikabidhi kwenu."

"Kwetu kwa nani?"

Akageuza uso, akamtazama farasi. "Una mke, Ikuo. Una mama."

Nilimwachia ukosi. Ulimi sikuuzuia. "Usitafute pa kujificha nyuma ya sketi za watu," nilimwambia. "Kuanzia leo usinisalimu. Na sherehe ikifika, hiyo deraya yako ya kuazima kamfungishe mkeo."

Gen hana mke. Mkewe alimzika miaka miwili iliyopita, na jeneza nilibeba mimi upande wa mbele. Nilijua nilichokuwa nasema. Nilikisema hivyo hivyo.

Nilipofika nyumbani Sumie alikuwa ameketi mezani, mikono mapajani, chai imewekwa sehemu yangu. Alikuwa ananisubiri. Basi nikajua kabla hajafumbua mdomo.

"Gen amenipigia," alisema.

"Hodari sana Gen. Amenitangulia hata kwa mke wangu."

"Kaa chini, Baba Kanae."

"Nitasimama."

"Niliiuza mimi," alisema. "Gen aliendesha lori tu."

Jamani, kuna maneno ukiyasikia unasubiri mwenye kuyasema aseme anatania. Nilisubiri. Alikuwa amekunja leso mezani, anaikunjua, anaikunja tena.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unakufa. Ulikuwa unatoroka kila wiki kuingia kule, unarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Askari wamekurudisha mara ngapi? Hukuwa unakula. Kanae alikuwa ananiuliza baba amerukwa na akili? Nikasema ukiipata deraya utarudi kule kule kuishi peke yako na kitu cha chuma. Nikamwambia Mama, naye akasema, iondoke."

"Mama alijua?"

"Mama ndiye aliyesema kwanza."

Nikakaa. Sikukusudia kukaa, kiti kilinipokea tu.

"Na fedha?"

Alitazama juu, kwenye dari. Halafu akatazama ukuta, kisha mlango wa karakana yangu.

Nikaelewa taratibu, kama maji yanavyopanda.

Nyumba hii tuliinunua tulipotoka kambini. Sumie aliniambia ni urithi wa mjomba wake wa Yamagata, mzee asiye na mtoto, aliyefariki akimkumbuka mpwa wake. Nililia kwa shukrani. Nikachukua picha ya mzee yule nikaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, karibu na ya baba. Kila mwaka namfukizia ubani. Kila mwaka namwekea keki ya mchele na kikombe cha pombe ya sake, namwambia, "Mjomba, ahsante, umetusitiri."

"Mjomba wako wa Yamagata," nilisema.

"Alikufa na madeni ya kamari," Sumie akanong'ona.

Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Nimepiga magoti miaka yote mbele ya mcheza kamari! Nimekaa chini ya paa la deraya yangu, nikishonea deraya za watu, nikilia deraya yangu imeibiwa.

"Na lile sharti?" niliuliza. "Kwamba asiiguse mwingine isipokuwa mimi?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nilitaka mikono yako iishike tena. Hata mara moja. Nilijua siku hiyo utajua. Nimeingoja siku hii kama mtu anayengoja kunyongwa."

"Umengoja ukiwa umelala kitanda kimoja na mimi."

"Ndiyo."

Nilichukua godoro langu nikahamia karakana.

Siku zilizofuata tuliishi kama wapangaji. Sumie aliniachia wali na supu ya maharage ya soya mlangoni, mimi nilirudisha bakuli limeoshwa. Mama, mwenye miaka themanini na sita na masikio ya mbweha, alipita uani na fimbo yake akijifanya hajui kitu.

Nilikuwa nimeamua kuirudisha deraya Osaka jinsi ilivyo. Lakini mikono ya fundi ina ukaidi. Asubuhi moja nikajikuta nimeshika sindano butu, nafumua kamba za dirii.

Nilitaka kuona kutu imefika wapi. Kutu ile ilinisumbua tangu mwanzo. Haikuwa kutu ya unyevu wa ghala, ile nyekundu inayotambaa kama ukoko. Hii ilikuwa imechimba mashimo madogo madogo chini ya utomvu mweusi uliopakwa chuma, ukawa unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Nikabandua ngozi ya ndani ya dirii, ile inayokaa kifuani kwa mvaaji. Nyuma yake kuna kitani. Nikakivuta.

Kikamwaga mchanga mezani.

Si vumbi. Mchanga wa pwani, mweusi na mweupe, na ndani yake kipande cha gamba la kombe, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.

Niliuonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Nilikaa nikiutazama. Ghala letu liko mlimani, nyuma ya kaburi la babu. Tsunami haikulifikia. Maji yaliishia bondeni chini, kwenye mashamba ya mpunga. Nimepita pale kwa miguu yangu, nimeona alama ya tope kwenye miti ilikoishia.

Basi deraya hii haikuwa ghalani siku ile. Ilikuwa baharini.

Gen alisema aliitoa ghalani. Sumie hakulikanusha hilo, hata alipoungama mbele yangu akilia kama mtu anayetua mzigo wote. Kumbe hata katika kuungama walikuwa wamekubaliana wanifunulie nini na wanifiche nini.

Nikafunga mchanga ule kwenye kitambaa, nikatoka uani.

Mama alikuwa ameketi juu ya kigoda anamenya machipukizi ya mianzi. Majira yake ndiyo yalikuwa haya. Maganda yalimzunguka miguuni kama viatu vilivyovuliwa.

Nikamkunjulia kitambaa mbele yake.

Aliutazama mchanga. Kisha akaendelea kumenya.

"Huyo mkeo hajui kuosha kitu," alisema. "Nilimwambia aoshe mpaka ndani."

"Mama."

"Niliwaambia wote wawili. Akiuona mchanga tu, huyu mtoto, atajua. Mikono ya huyu huwezi kuidanganya. Nikawaambia bora iondoke kabisa."

"Mama, deraya ilifikaje baharini?"

"Leta maji ya kuchemshia hii mianzi."

"Nitaleta. Ilifikaje?"

Akaweka kisu chini. Mama yangu si mtu wa kulia. Siku tuliyomzika baba aliwagombeza watu wa mochwari kwa kumfunga mkanda vibaya.

"Baba yako ndiye aliyeipeleka," alisema.

Mimi siku zote nimeambiwa baba alishuka pwani kufungua farasi wa Gen, kwa kuwa Gen alikuwa peke yake na banda lake liko karibu na maji. Hivyo ndivyo nilivyomwandika kwenye jiwe la kaburi lake. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia watu kwenye mazishi, nikajivunia.

"Aliondoka baada ya chakula cha mchana," Mama aliendelea. "Kabla ya tetemeko. Farasi walikuwa salama, hakuna aliyehitaji kufunguliwa. Alipakia sanduku kwenye lori dogo, akalifunga kwa kamba. Alikuwa amevaa koti lake zuri. Nikamuuliza, unaipeleka wapi? Akasema, kwa Genroku."

"Ikakae? Ikatengenezwe?"

"Ikatengenezwe na Genroku?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga wake mwenyewe. "Alikuwa anampa."

Sikusikia vizuri. Nilimwomba arudie, akarudia.

"Alikuwa anampa, Ikuo. Iwe yake. Alikuwa amekwisha kuamua tangu mwaka mpya."

"Mimi ndiye mwanawe."

"Nilimwambia hivyo. Nikamwambia, una mtoto wa kiume, mzima, unampa wa jirani? Akasema, Ikuo atashika deraya za Soma nzima mikononi mwake, Genroku kila mwaka anapanda na ya kuazima. Akina Aota walikuwa na yao, ikaungua zamani, hawakuinuka tena. Akasema anayepanda farasi vizuri kuliko wote hapa hana hata chapeo ya kwake. Nikamwambia, na Ikuo? Akasema, jioni nitamwambia mwenyewe. Ataelewa."

Mama aliokota ganda moja la mwanzi, akalikunja.

"Jioni hakurudi."

Ndugu zangu, aliye hai ukimkasirikia unampata. Unamfuata zizini, unamkamata ukosi. Nitamkamata nani mimi? Nimelala nje kwenye ardhi iliyokatazwa, nimekula vumbi, nimeacha kupanda farasi, nimelia kwa ajili ya urithi ambao mwenyewe alikuwa ameshaufunga kamba ampelekee mwingine. Tena kwa koti zuri.

"Gen alijua?"

"Baba yako alimpigia simu asubuhi yake. Akamwambia, nakuja, nina kitu chako. Yeye ndiye aliyelikuta lori mashambani, wakati anarudi kwa kujificha kulisha farasi. Baba yako alikuwa ndani. Sanduku lilikuwa nyuma, bado limefungwa."

Hilo nililijua nusu. Nilijua ni Gen aliyemkuta baba. Sanduku sikuambiwa.

"Alituletea kule shuleni tulikohifadhiwa," Mama alisema. "Wewe ulikuwa kwenye foleni ya mikate. Akaliweka mbele yangu, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Akasema, Mama, hii ni ya Ikuo, mimi sikuwahi kuahidiwa kitu. Nikamwambia muongo wewe. Akasema, ndivyo nitakavyosema mpaka nife."

"Na nyinyi mkamruhusu aitwe mwizi."

"Nani kamwita mwizi?"

Nilikwenda kuleta maji ya mianzi.

Ningependa kuwaambia nilikwenda moja kwa moja kwa Gen kumwomba radhi. Sikwenda. Nilimchukia zaidi. Mwizi unaweza kumsamehe. Mtu aliyepewa mahali pako na baba yako, halafu akakuachia kwa huruma, akakushikia tochi unapofukua, huyo unamsameheje? Amekukosea nini?

Nikarudi kazini. Nikaisafisha chumvi yote, kibamba kwa kibamba. Nikakuna kutu, nikapaka utomvu upya, nikaungoja ukauke kwenye kabati lenye unyevu, maana utomvu huo hukaukia unyevuni, nikapaka tena. Nikachovya hariri mpya katika nili. Nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, kwa hasira tupu, bila kujua namfanyia nani. Nilikuwa nimefika mabegani, nafunga safu za mwisho, Sumie aliposimama nje ya mlango.

Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami tangu nihamie karakana.

"Baba Kanae. Farasi wa Gen wanapakiwa."

"Wanakwenda wapi?"

"Wameuzwa. Lori la watu wa Chiba limekuja. Watu wamejaa pale, hakuna anayeelewa. Wiki tatu kabla ya sherehe, nani anauza farasi?"

"Wote?"

"Amebakiza yule mwekundu."

Nikaendelea kufunga. Uzi ukanikatikia mkononi.

Mchana uleule simu ikalia. Alikuwa Bwana Torigoe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya biashara asiyoitarajia.

"Fundi, hongera zangu ama pole zangu, sijui nikupe ipi. Deraya si yangu tena."

"Umeiuza?"

"Juzi alikuja mtu hapa Osaka. Alikaa sebuleni kwangu kuanzia asubuhi, amevaa suti inayonuka nyasi, anainama tu. Kila nikisema hapana anainama. Mke wangu akaniambia, muuzie, mgongo wake utakatika. Bwana Aota. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Basi mwenye mali sasa ni yeye. Ameomba uimalize kabla ya sherehe."

Nilijilazimisha kuuliza. "Alisema nani ataivaa?"

"Hakusema. Lakini fundi, mimi ni mtu wa mjini, farasi nawaona kwenye televisheni. Mtu anayekuambia ameuza farasi wote akabakiza mmoja, hata mimi najua anambakiza wa nini."

Nikaweka simu chini.

Basi amekumbuka kilichokuwa chake. Miaka yote alisema hakuahidiwa kitu. Nilipomwita mwizi mbele ya watu, akaamua awe mrithi.

Sikufikiri. Niliuchukua mkasi mkubwa wa kukatia hariri. Kinga ya bega la kushoto ilikuwa mezani, safu zangu tatu za utotoni juu, nyuzi mpya chini. Kama zitakwenda mgongoni kwa mtu mwingine, zisiende na sahihi yangu. Nikaupenyeza mkasi chini ya uzi wa kwanza.

Nje, kwato zikasikika juu ya lami. Hazikuwa na haraka. Zikasimama langoni kwangu.

Nikamsikia Mama uani akisema, "Karibu," kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa jirani.

Mlango wa karakana ukasogezwa. Gen alisimama pale, hatamu mkononi, yule farasi mwekundu akipumua nyuma yake. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi.

Aliona deraya. Aliona mkasi ulipo.

Hakusema acha. Aliifunga hatamu kwenye nguzo ya mlango, akavua viatu, akaingia mpaka mbele ya meza yangu.

"Iku," alisema. "Nimekuja unipime mabega."

Akanigeuzia mgongo, akainua mikono yote miwili.